Tunataka kuhama Limuru twende Malindi Desemba, mnaoishi huko hebu tuambieni ukweli

mama_wa_limuru

Habari zenu wote. Naomba mnisaidie mawazo manake hapa nyumbani kila mtu ana lake na hatuelewani. Sisi tuko wanne, mimi, mzee wangu, mtoto yuko gredi ya 4, na mama mkwe tunaishi naye. Mama magoti yamemtesa miaka mingi na nyinyi mnaoijua Limuru mnajua mwezi wa saba ulivyo, ukungu mpaka saa tano, nguo zinakaa kwa kamba siku tatu na bado ziko na maji, jiko la makaa linaingizwa mpaka chumbani (najua si vizuri, tuachane na hiyo).

Sasa Januari tulienda Malindi wiki mbili kwa binamu ya mzee. Jua kila siku. Siku ya tano mama akaenda dukani peke yake na fimbo akaiacha mlangoni, mimi nilikuwa jikoni nikaona ile fimbo imesimama pale nikadhani ameanguka mahali, kumbe ameenda kununua mabuyu. Nililia. Tangu turudi ni wimbo mmoja tu, twende Malindi, twende Malindi.

Mimi kazi yangu ni ya mtandaoni, nasikiliza rekodi naziandika, nahitaji waifai na stima basi. Mzee ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, mashine ni zake mwenyewe. Akiba yetu ni kama 250,000. Tunapanga kuhama Desemba mtoto akishafunga shule. Mtaa gani mzuri, kodi ni ngapi, maji yakoje, na mzee atapata kazi kweli ama mafundi wamejaa? Halafu kuna mtu alituonyesha ploti si mbali na bahari kwa bei nzuri sana, tulikuwa tunawaza badala ya kupanga nyumba tununue moja kwa moja tujenge polepole. Joto tulishalizoea zile wiki mbili kwa hivyo hilo si shida.

kobe_mzee

Kila mtu anaipenda Malindi Januari. Rudi Mei halafu uje uandike tena hapa.

MtuWaBarani

Karibu dada. Mimi nilitoka Nyahururu miaka saba iliyopita kwa hivyo baridi unayoongea naijua kwa jina lake la utotoni. Na jina langu lisikuchanganye, Barani ni mtaa hapa Malindi, wenyeji walicheka sana siku nilipowaambia mimi ni mtu wa bara naishi Barani.

Kobe anaongea kwa mkato lakini hajakosea. Wiki mbili mlizokaa ni zile Malindi imevaa nguo za sikukuu. Desemba mpaka Machi hivi Waitaliano wamejaa, Lamu Road mikahawa iko wazi mpaka usiku, tuktuk hazikosi abiria, hata watoto wa ufukweni wanakusalimia ciao kabla ya jambo. Mvua ikianza Aprili wanaondoka, hoteli nyingi zinafunga milango mpaka Julai huko, wafanyakazi wanatumwa nyumbani bila mshahara, na hapo ndo utajua huu mji unakula wapi. Mimi nauza vifaa vya simu, Mei na Juni mauzo yanashuka karibu nusu. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, sikuweka kitu, nikauza friji. Friji mpya kabisa. Mwenye kununua mpaka leo ni jirani yangu na huwa nanunua barafu kwake.

Sasa kuhusu mzee, hapa nisikilize vizuri manake ndo habari njema yenyewe. Fundi wa kuchomelea hawezi kufa njaa Malindi na sababu ni kutu. Chumvi ya bahari inakula chuma huku mpaka unashangaa. Geti ambalo Limuru lingekaa miaka mingi bila kuguswa, huku upande wa Casuarina likikosa rangi ya maana baada ya miaka mitatu bawaba zinalia na chini limetoboka unaona miguu ya mlinzi. Nyumba nyingi za ufukweni wenyewe hawapo, wako Ulaya ama Nairobi, kuna wasimamizi tu. Ikifika Septemba Oktoba msimamizi anapigiwa simu, mwenyewe anakuja Desemba, nyumba iwe tayari. Hapo mafundi wote wanatafutwa kama dawa, mageti, grili, vishikizo vya matangi, vyuma vya kushika makuti. Kuanzia Septemba mpaka katikati ya Desemba usiku hakuna usingizi, halafu wageni wakiingia kelele za mashine hazitakiwi tena.

Kwa hivyo mkihama Desemba mzee atafika kazi ndo imeisha, akae mpaka msimu upoe, na msimu ukipoa pesa nazo zimeondoka na wageni. Mmechagua mwezi mbaya kuliko yote kwa fundi. Aje Agosti, atafute chumba kimoja, ajulikane na wasimamizi wawili watatu na wenye duka la vyuma, manake kazi huku inatoka kwa mtu anayekujua, si kwa kibao ulichoandika barabarani. Na ajifunze aluminiamu kidogo, wenye pesa wameanza kukimbia chuma. Mashine yake asiilaze sakafuni usiku, unyevu utaimaliza kabla yake.

Maji ya mfereji yanatoka Baricho kule Mto Sabaki. Yakiwepo ni mazuri. Kukiwa na mafuriko ama pampu zimezimika mnaweza kukaa siku kadhaa mnaangaliana, kwa hivyo usipange nyumba isiyo na tangi, na usimwamini mwenye nyumba akikwambia tangi linakuja. Visima vya mjini vingi maji yake yana chumvi, unafua sabuni haitoi povu, ukipika chai inakuwa kama dawa. Ya kunywa tunanunua mitungi kwa wenye mikokoteni. Stima ni ya tokeni kama huko, inapotea pia kama huko, nunua betri ya kushikilia waifai. Faiba imefika mitaa mingine na mingine bado, na mtaa mmoja unaweza kukuta upande huu wa barabara ipo upande ule haipo, uliza jirani mwenyewe usiulize mwenye nyumba.

Kodi, mimi nalipa 13,000 vyumba viwili vya kulala hapa Barani. Nyumba kama hii karibu na Lamu Road nilitajiwa 25,000 nikacheka mpaka broka akanikasirikia. Mkienda kutafuta, enda bila mzee akiwa na zile buti za kazi mpya na wewe usiongee sana, lafudhi ya Limuru inapandisha bei.

bi_kibarazani

Salama mwanangu? Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Mimi mzawa wa Shella, hii Shella ya Malindi si ile Shela ya Lamu msije mkapotea, na nyumba yetu iko hapa tangu babu yangu hajaoa.

Hao vijana wamekwambia ya pesa, ni sawa, lakini hujaambiwa la kwanza. Huku nyumba haitafutwi kwa vigae wala kwa dari, hutafutwa kwa upepo. Bahari yetu iko mashariki. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, yatoka kaskazini mashariki. Kusi yaingia Aprili mpaka Septemba hivi, yatoka kusini mashariki. Ukiangalia utaona zote mbili zatoka baharini, kwa hivyo chumba chenye dirisha la kuelekea baharini kitapata upepo mwaka mzima, na chumba ambacho dirisha lake ni la magharibi peke yake na mbele kuna ukuta wa jirani hicho si chumba ni tanuri la mikate. Watu wa bara huja wakapenda nyumba kwa sababu ya jiko zuri na choo cha ndani, wakilala siku mbili waanza kulala uani.

Nikufundishe alivyonifundisha mamangu. Enda kuangalia nyumba saa nane mchana, usiende asubuhi, asubuhi kila nyumba ni nzuri. Fungua mlango na dirisha, simama katikati ya chumba cha kulala, washa kiberiti. Moto ukilala upande mmoja ama ukizimika, uliza kodi. Moto ukisimama wima kama mshumaa wa kanisani, mwambie mwenye nyumba ahsante na uende zako. Ghorofa ya juu kabisa chini ya zege pia usichukue hata kwa bure.

Na umesema joto mmelizoea. Mlikuja Januari, kaskazi inavuma! Hilo si joto. Joto ni maleleji, pale upepo mmoja umeondoka na mwingine haujafika, Machi kuelekea Aprili, na tena Oktoba Novemba. Siku hizo hata majani ya mnazi hayatikisiki, mtu aoga akitoka bafuni anatoka jasho kabla hajavaa. Mama mkwe wako umri wake ni upi na ana presha? Magoti yatapata raha inshallah lakini joto nalo lina watu wake, mpelekeni kwa daktari wake amuulize kabla, na dawa zake mjue zapatikana wapi. Hospitali zipo hapa ya serikali na za kulipa, lakini shida kubwa kubwa watu hupelekwa Mombasa, ni kilomita 120 hivi na Mtwapa pale foleni wajua wewe. Watu wazima huwa hawasikii kiu, apewe maji bila kuulizwa.

Jambo jengine. Huko kwenu mgonjwa hukaa ndani na moto. Huku mtu mzima akikaa ndani watu watauliza ameudhika ama amekufa. Atoke aketi barazani. Kama Kiswahili kinampiga chenga asijali, ajue salamu tu, hizo nyengine atafundishwa na watoto. Na nyinyi nanyi mkipita mbele ya baraza bila kusalimu mtaitwa wenye kiburi kabla mizigo haijafunguliwa. Mwezi wa Ramadhani mchana msile barabarani, hakuna atakayewapiga, ni heshima tu, na jioni mtaletewa futari mpaka mkome.

Samaki ni rahisi wakati wa kaskazi, bahari ikitulia. Kusi bahari huchafuka, ngalawa nyingi hazitoki, changu wa 300 anakuwa wa 500, hapo twala mbaazi za nazi na hatulalamiki.

mama_wa_limuru

Jamani nimesoma yote mara mbili, ahsanteni sana, bi wa kibarazani marahaba anasema mama, ingawa amesema yeye na wewe huenda mko rika moja kwa hivyo hajui nani amwamkie nani. Mzee alimsomea ile ya kiberiti akaitafsiri kwa Kikuyu, amecheka hadi akashika mbavu. Presha anayo ndio, anakunywa dawa. Kiswahili chake ni cha sokoni.

Hiyo ya Septemba kwa kweli hatukuijua kabisa na mzee amenyamaza tangu jana, huyu akinyamaza ujue anapiga hesabu.

Mnisaidie na ile ploti. Jamaa anasema iko njia ya kuenda Mambrui, ya pili kutoka baharini, 350,000, ati wazungu wanazimaliza na kuna mwingine yuko tayari lakini yeye ametupenda sisi kwa sababu ya mama. Anataka 100,000 ya kushika kabla mwisho wa mwezi. Ametutumia picha ya hati kwa simu. Ni mtu mpole sana alituletea madafu.

Pia mtoto anauliza kwa nini siku ile tulienda ufuo wa mjini maji yalikuwa rangi ya chai na kule tulipoenda na boti kuona samaki yalikuwa safi.

mwana_wa_ganda

DADA USILIPE HATA SHILINGI. Samahani kwa herufi kubwa lakini hayo madafu nimeyanywa mimi.

Mwaka 2016 nilitoa 80,000 za kushika, mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Ganda siyo mgeni, ndo ujue hawa watu hawachagui. Nilionyeshwa hati, nikaonyeshwa mawe ya mpaka, nikapewa risiti yenye muhuri. Siku nimeenda na fundi kuchimba msingi nikakuta mzee mmoja ameketi chini ya mwembe ananiangalia tu. Nikamsalimia. Akaniuliza mwanangu wewe ni wa ngapi? Nikasema wa ngapi kivipi. Akaniambia mwaka huu umekuwa wa nne kuja na jembe. Akanizungusha akanionyesha kaburi la babake, na la babu yake, na minazi aliyoipanda yeye mwenyewe akiwa kijana. Yule mzee hana hati. Hati iko na mtu mwingine, na mimi niliyemlipa hakuwa huyo wala huyo. Pesa sikuziona tena na huyo broka bado nakutana naye msikitini, tunasalimiana.

Pwani hii ardhi ina mambo. Kuna watu wamekaa vizazi bila karatasi na karatasi iko na familia ambayo haijawahi kukanyaga hapo. Halafu kwa mila zetu mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ni ya mwingine, kwa hivyo hata ukiuziwa ardhi halali kesho mtu anakuja kuangua nazi zake na ana haki yake, mtafutane vizuri kabla. Ukiona ploti ina makaburi, miembe mikubwa ama minazi iliyopangwa mistari, jua ina wenyewe, uliza kwanza.

Na hiyo ya wazungu wanamaliza ni nyimbo ya kila broka. Katiba ya 2010 mtu asiye raia hapati ardhi ya milele, anapata ya kukodi tu na haizidi miaka 99.

Picha ya hati kwa simu si kitu. Chukua ile namba ya ardhi uende ofisi ya ardhi mwenyewe ufanye sachi, uone jina, uone kama kuna kesi ama mkopo. Enda na sorovea wako si wake. Ongea na mzee wa mtaa na majirani bila yeye kuwepo. Akikukataza kuongea na majirani jibu umeshapata. Lakini mimi kwa ushauri wangu mpange nyumba miaka miwili kwanza, mkishajulikana mtaambiwa wenyewe ploti gani nzuri na gani ni ya machozi. Mtu ana 250,000 anatoa 100,000 kwa picha ya simu, Desemba mtakula nini??

kobe_mzee

Mwambie mtoto hivi. Yale maji ya chai ni Mto Sabaki, unaingia baharini hapo kaskazini ya mji kabla ya Mambrui. Sabaki ndio Galana, na Galana ndio Athi. Na vijito vyenu vya Limuru vinashuka kuelekea Nairobi na Ruiru vinaingia Athi. Kwa hivyo ule ni udongo wa shamba lenu. Ulihama kabla yenu na haukuomba ushauri wa mtu.

Mvua za vuli zikiushusha halafu kaskazi ikaanza kuvuma, maji yote yale yanasukumwa kusini mpaka ufuo wa mjini, ndo mkayakuta Januari. Kusi ikiingia yanasukumwa upande wa Mambrui. Na mchanga umejaa hapo mjini miaka hii yote mpaka kuna hoteli zilijengwa mguu majini sa hizi mgeni anatembea na kapu la chakula kabla hajaona wimbi. Akitaka kuogelea mpeleke Silversands ama Casuarina, huko ndiko karibu na hifadhi ya baharini ile ya mwaka 1968 mlikopelekwa na boti.

Ploti: sikiliza mwana_wa_ganda. Mimi sina la kuongeza ila kicheko.

punda_hana_rivasi

Kwani ni lazima Malindi? Njooni Lamu. Foleni yetu ni ya punda peke yake, mji mkongwe hakuna gari, mama mkwe hagongwi na bodaboda. Ila mizigo yenu itafika Mokowe kwa lori, ishushwe ipande mashua, ishushwe tena ipande punda, na ile mashine ya kuchomelea punda ataiangalia halafu atakuangalia wewe. Ngazi za nyumba zetu pia ni za mawe na ni ndefu, magoti hayo sijui. Nafikiri nimejijibu mwenyewe, kaeni Malindi mje Lamu kwa Maulidi.

MtuWaBarani

Hahaha huyu wa Lamu.

Umenikumbusha mizigo. Usikodi lori la kuhamisha watu, watakuchaji kuja na kurudi. Tafuta lori zinazopandisha chumvi kutoka Gongoni ama maembe na nazi, zikirudi Pwani huwa zinatafuta chochote cha kubeba. Mimi nilikuja na lori lililobeba viazi, sofa zangu zikawa juu ya magunia, nilifika nanuka shamba lakini nililipa kidogo sana. Ila angalieni hali ya hewa, Novemba 2023 ile mvua ya El Niño ilikata barabara pale daraja la Mbogolo, waliokuwa njiani na mizigo walilala nayo.

Na msibebe kila kitu. Blanketi zile nzito, zulia, sweta za mama zote isipokuwa moja, wagawieni ndugu. Sofa za vitambaa vizito zinashika unyevu na harufu, uza huko ununue za mbao huku. Kabati za mbao zile za kubandika, ile inayovimba ikiona maji, usijaribu. Bebeni feni kama mnazo, neti za mbu za kutosha kila kitanda manake malaria huku si hadithi, na laptopu yako uwe unaifunika. Ya kwangu ya kwanza chaji iliota kutu kwa tundu lake.

Shule sitakuchagulia, za serikali zipo na za kulipa zipo nyingi tu. Ila uliza darasa lina watoto wangapi na mtoto atatembea ama atapanda tuktuk, ya tuktuk kila siku inakula pesa kimya kimya.

kobe_mzee

Watu wanaogopa mizigo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kwa meli, mzima, na shingo yake yote. Kabati litashindwaje.

bi_kibarazani

Kobe we muongo wa ukweli.

Mwanangu mama ana presha, basi sikiliza. Usimlete kuhama kabla hajaonja maleleji. Likizo ya Aprili mtoto akifunga njooni wiki tatu nzima, wewe na mama na mtoto, pangeni chumba, msikae kwa binamu mkapikiwa, mpike wenyewe, mchote maji wenyewe, mvua iwanyeshee. Wageni wamekwenda, nyumba ni tupu, hata bei ya chumba mtapatana vizuri. Akiipenda Aprili hiyo mapenzi yake ni ya kweli. Asipoipenda mmepoteza nauli tu si nyumba.

mama_wa_limuru

Samahani nimechelewa kujibu, tulikuwa tunazozana haha.

Jamaa wa ploti nilimuuliza kwa upole tu namba ya ardhi ili niende nayo ofisini. Alisema ataituma jioni. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jana nikampigia simu haishiki, na picha yake kwa wasifu imetolewa. mwana_wa_ganda mzee wangu amesema akifika Malindi atakutengenezea geti bure, uchague saizi.

Mpango umebadilika hivi. Aprili tunakuja sisi watatu wiki tatu, tumeshatenga 40,000 ya hiyo, MtuWaBarani nitakuomba kama unajua chumba Barani ama popote chenye tangi (la kweli, nimekusikia). Daktari wa mama tunamuona wiki ijayo. Kama Aprili itaenda vizuri mzee anatangulia Agosti na mashine, anafanya ule msimu wote mpaka Desemba, na sisi tunamfuata mtoto akifunga, kwa hivyo kumbe Desemba ilikuwa sawa lakini kwetu sisi, si kwake. Kama haitaenda vizuri tutabaki na ukungu wetu, kuna mbaya zaidi. Akiba haiguswi kwa ploti mpaka mwaka wa pili. Mzee bado ananung'unika kidogo ati Malindi yote itakuwa na geti za aluminiamu akifika.

Mama mkwe yeye hana maneno mengi. Amesema tu hiyo kazi ya kuangalia nyumba saa nane mchana anaijua yeye, kiberiti atashika yeye, mtu mwingine asimguse mkono.

bi_kibarazani

Ashike. Ila mwambie asibebe cha huko, ama akibebe kwenye mfuko wa plastiki. Kiberiti huku hushika unyevu, atakwangua mpaka jioni adhani nyumba zote zina upepo.